Uzi ni wa Nani? Historia ya Kazi ya Kufuma Nakivale na Kipimo cha Biashara ya Haki

Sweta, kofia na mikoba ya mkono inayouzwa kwa jina la biashara ya haki huwa na kikaratasi kinachoning'inia penye bei. Kikaratasi hicho kwa kawaida hudai mambo mawili. Kwanza, kwamba kazi hii ni ya asili, iliyorithiwa kutoka kwa mababu. Pili, kwamba aliyeifanya amelipwa kwa haki. Katika insha hii nayachunguza madai hayo mawili kwa kutumia historia ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda. Hoja yangu ni kwamba dai la kwanza limepewa uzito kuliko linavyostahili, na dai la pili limeachwa bila kipimo. Kipimo ninachopendekeza ni swali moja: nani amenunua uzi, na nani anabaki na hasara mkononi biashara ikivunjika?

Ninaandika nikiwa na upande, na ni vizuri msomaji aujue mapema. Nimekulia Nakivale katika familia iliyotoka Kivu Kusini, na mama yangu ni mfumaji. Sehemu ya karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye sindano zake. Lakini kuwa na upande hakunizuii kuuliza maswali ya historia. Kunanifanya niyaulize kwa haraka zaidi, kwa sababu majibu yake yanagusa watu ninaowafahamu.

Nakivale na Mbarara

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakikimbia machafuko yaliyoanza Novemba 1959. Eneo lake lilikuwa chini ya wilaya ya Mbarara hadi wilaya ya Isingiro ilipokatwa katikati ya miaka ya 2000. Hata leo mtu wa Nakivale akisema "ninaenda mjini", mara nyingi anamaanisha Mbarara.

Wakazi wake wamebadilika kadiri vita vilivyobadilika. Mwaka 1982, chini ya serikali ya pili ya Milton Obote, makumi ya maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa Wanyarwanda walifukuzwa kwenye mashamba yao ya Ankole. Wengine walivuka mpaka, wengine wakasukumwa kuingia makazi kama Nakivale na Oruchinga. Baada ya mwaka 1994 Watutsi wengi wa zamani walirudi Rwanda, na Wanyarwanda wengine wakaja kuchukua nafasi. Vita vya Kongo vya 1996 na 1998 vilileta watu wa Kivu. Wasomali walikuja na wao, na mgogoro wa Burundi wa 2015 ukaleta Warundi wengi. Katika mchanganyiko huo Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya foleni ya maji na ya kanisani, hasa miongoni mwa Wakongomani na Warundi.

Nakivale haikuwahi kuwa kisiwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiongozwa na Alexander Betts, walichapisha utafiti juu ya uchumi wa wakimbizi wa Kampala, Nakivale na Kyangwali. Waligundua kwamba mjini Kampala asilimia 21 ya wakimbizi waliohojiwa walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja, na kati ya waajiriwa hao asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Utafiti huo ulithibitisha kwa takwimu jambo ambalo mwenye duka yeyote wa Mbarara anajua: mkimbizi ananunua, anauza, anakopa na anakopesha. Tukizungumzia ufumaji, basi, tunazungumzia kazi iliyomo ndani ya biashara ya mkoa mzima.

Asili ipi?

Neno "kufuma" katika Kiswahili lina eneo pana. Linahusu kutengeneza kitambaa kwenye kitanda cha mfumi, na pia linahusu kazi ya sindano mbili au ya krosheti. Hizi ni kazi tofauti zenye historia tofauti, na kikaratasi cha bei huzichanganya.

Kama tunatafuta ufumaji wa nguo wenye mizizi ya karne nyingi miongoni mwa jamii zinazoishi Nakivale, jamii ya kwanza kuitazama ni Wasomali. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zilizofumwa pale zikisafirishwa hadi Misri. Ufumaji huo wa pwani ya Benadir uliendelea hadi karne ya 19, ulipokutana na ushindani wa merikani, yaani kitambaa cha pamba kilicholetwa na wafanyabiashara wa Massachusetts. Huo ni urithi wa kweli wa nguo. Lakini ulikuwa wa kitanda cha kufumia na pamba. Haukuwa wa sindano na sufu.

Kwa upande wa Ankole na Rwanda, ufundi wa zamani wa wanawake ulikuwa ususi. Mnyankole alikuwa na chombo cha mti cha maziwa, ekyanzi, na kifuniko chake kilichosukwa kama pia. Mnyarwanda alikuwa na icyansi, jina ambalo ni ndugu wa lile la Ankole, na kikapu cha agaseke. Vidole vilivyosuka vifuniko hivyo vilikuwa na ustadi mkubwa wa kuhesabu duru na kubadilisha rangi. Ila hapa pia hakukuwa na sweta. Kondoo wa asili wa eneo hili wana manyoya mafupi yasiyofaa kusokotwa uzi, na hakuna sababu ya watu kubuni ufumaji wa sufu mahali pasipo na sufu.

Kazi ya sindano mbili ilikuja na misheni na serikali ya kikoloni. Katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, wanawake wa mijini walifundishwa katika vituo vilivyoitwa foyer social. Kituo cha Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, kilifanya kazi tangu miaka ya 1940 hadi uhuru ulipokaribia. Walifundisha kushona, kutia viraka, kupika, kupiga pasi na kulea mtoto kwa namna ambayo Wabelgiji waliiona kuwa ya kistaarabu. Nchini Uganda, vilabu vya wanawake vya Idara ya Maendeleo ya Jamii katika miaka ya 1950 vilifundisha mambo yanayofanana na hayo, na shule za misheni zilikuwa zimetangulia. Nia haikuwa kumpa mwanamke biashara. Nia ilikuwa kumfanya mke wa karani au wa mwalimu ajue kuvalisha watoto wake.

Niliwahi kumuuliza mama mmoja mzee, jirani yetu kutoka upande wa Bukavu, kama kufuma ni kazi ya asili ya kwao. Alicheka. "Asili gani, mwanangu? Sindano nilipewa na masera, shuleni. Bibi yangu alisuka mikeka. Triko hakuijua." Masera ni jina la Wakongomani kwa watawa wa kike, kutoka Kifaransa, na triko vilevile ni neno la Kifaransa lililopata uraia. Katika maneno mawili tu, mama yule alikuwa amenipa historia nzima.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa hapa. Mwaka 1983 Eric Hobsbawm na Terence Ranger walihariri kitabu juu ya mila zilizobuniwa, na Ranger mwenyewe aliandika sura kuhusu Afrika ya kikoloni. Tangu hapo wanahistoria wengi hukubali kwamba kila mila ina siku yake ya kuzaliwa. Kama ni hivyo, kazi iliyofundishwa bibi, mama na binti kwa vizazi vitatu haina haki ya kuitwa ya asili? Nakubali kwamba ina haki hiyo. Sidai kwamba sweta ya Nakivale ni ya uongo. Ninachosema ni kwamba neno "asili" humfanya mnunuzi aone mababu na asione shule, serikali, mpaka na duka la uzi. Likitumika peke yake, linaondoa kwenye picha mambo yale yale yanayoamua mfumaji atapata nini.

Uzi unatoka wapi

Mfumaji wa Nakivale hafugi kondoo na hasokoti. Anafuma kwa uzi wa dukani, mara nyingi akriliki, unaouzwa mabunda kwa mabunda Mbarara na kupelekwa Nakivale kwa taksi au bodaboda. Sufu yenyewe katika Afrika Mashariki ni hadithi ya nyanda za juu za Kenya, ambako walowezi kama Lord Delamere waliingiza kondoo wa merino mwanzoni mwa karne ya 20. Haijawahi kuwa bidhaa ya Ankole.

Kwa hiyo gharama ya kwanza ya sweta hulipwa kabla ya kitanzi cha kwanza, na hulipwa kwa pesa taslimu au kwa deni. Kikapu ni tofauti. Msusi anaweza kukata nyasi mwenyewe, na kikapu kisiponunuliwa amepoteza muda wake. Sweta isiponunuliwa, mfumaji amepoteza muda na bado anadaiwa na mwenye duka. Tofauti hii ndogo ndiyo inayofanya swali la uzi kuwa swali la haki.

Soko la karibu nalo ni gumu. Mitumba huja na sweta za sufu halisi kwa bei ambayo hakuna mkono unaoweza kushindana nayo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni kwa awamu, lakini baada ya shinikizo la Marekani ni Rwanda iliyoshikilia uamuzi huo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya ushuru wa nguo. Uganda mitumba imebaki. Sweta za shule, ambazo Mbarara yenye asubuhi za baridi inazihitaji, zimechukuliwa na wenye mashine za kufumia. Kwa mfumaji wa mkono zimebaki kofia na sweta za watoto wachanga, shali, na oda za watu wa mbali wanaotaka kitu cha mkono na wako tayari kukilipia. Ndiyo maana oda ya mbali inapokuja, hakuna anayethubutu kuikataa.

Biashara ya haki ilizaliwa na wakimbizi

Watu wengi hudhani biashara ya haki ilianza na kahawa. Ilianza na kazi za mikono, na kwa kiasi kikubwa ilianza na wakimbizi. Mwaka 1946 Edna Ruth Byler, Mmarekani wa kanisa la Mennonite, alianza kuwauzia majirani zake vitambaa vilivyotariziwa na wanawake wa Puerto Rico, na baadaye akaongeza tarizi za wakimbizi wa Kipalestina. Kazi yake ndiyo iliyokuja kuitwa Ten Thousand Villages. Mwaka 1949 shirika la SERRV, lililoanzishwa ndani ya Church of the Brethren, lilianza kuuza saa za mbao kutoka Ujerumani ili kuwasaidia waliopoteza makazi katika Vita vya Pili vya Dunia. Mkataba wa Geneva kuhusu wakimbizi ulikuja mwaka 1951, baada ya biashara hizo kuanza.

Mwaka huo wa 1951 umo ndani ya jina la MADE51, mpango wa UNHCR uliozinduliwa mwaka 2018 ili kuunganisha mafundi wakimbizi na soko la dunia. Mpango huo haununui kwa fundi moja kwa moja. Hupitia kampuni ya kijamii iliyoko katika nchi husika, na hushirikiana na Shirika la Dunia la Biashara ya Haki, WFTO. Katika ukanda wetu, WomenCraft ya Ngara, Tanzania, imefanya kazi na wasusi Watanzania na wakimbizi wa Burundi, na Indego Africa imefanya kazi na wanawake Warundi wa kambi ya Mahama, Rwanda. Bidhaa zao zinazojulikana zaidi ni za ususi.

Kilicho muhimu kwa hoja yangu ni kanuni zilizoandikwa na WFTO. Kwa kazi za mikono, mzalishaji akiomba, mnunuzi anapaswa kutoa malipo ya awali ya angalau asilimia 50 bila riba. Mnunuzi akifuta oda bila kosa la mzalishaji, anapaswa kufidia kazi iliyokwisha kufanyika. Kanuni hizi hazisemi lolote kuhusu mababu. Zinasema kuhusu uzi.

Somo kutoka Shetland

Ufumaji wa sindano una historia ndefu katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, na huko swali hili liliwahi kuchunguzwa na serikali. Mwaka 1872 tume ilisikiliza ushahidi wa wafumaji na wenye maduka kuhusu mfumo wa kulipana kwa bidhaa. Wanawake walieleza jinsi walivyoleta shali zao dukani na kulipwa chai au kitambaa badala ya pesa. Wengine walifuma kwa sufu ya mwenye duka. Wengine walifuma kwa sufu yao wenyewe. Makundi yote mawili yaliondoka dukani na bidhaa ambazo wakati mwingine hawakuzihitaji, wakalazimika kuzibadilisha kwa hasara ili wapate chakula.

Ushahidi wa Shetland unanifanya nirekebishe kipimo changu. Kumiliki uzi peke yake hakukuwapa wanawake wale nguvu, kwa sababu mnunuzi alikuwa mmoja na malipo yalikuwa apendavyo yeye. Swali la uzi lazima liandamane na mengine mawili: je, malipo ni pesa taslimu, na je, mfumaji anaweza kwenda kwa mnunuzi mwingine? Shali za Shetland zilisifiwa kote Uingereza kwa uasili wake, na sifa hiyo haikuongeza shilingi mfukoni mwa aliyezifuma.

Oda iliyovunjika

Miaka michache iliyopita, kikundi cha mama yangu kilipata oda ya sweta za watoto kutoka kwa mnunuzi wa nje. Kikundi kilikuwa na Wakongomani, Warundi na Mnyankole mmoja aliyeolewa karibu na makazi. Mnunuzi alileta mifano, akapiga picha, akasifu ufundi. Malipo ya awali hayakuwepo. Wanawake walikopa uzi Mbarara kwa jina la kikundi. Kazi ilipokamilika, mnunuzi alisema rangi haifanani na ile ya picha, akachukua chache na kuacha nyingi. Barua ya kulalamika haikujibiwa.

Wanawake walifanya jambo moja lililobaki kufanyika: walifumua. Sweta zilizokamilika zilirudishwa kuwa uzi, kitanzi kwa kitanzi. Uzi uliofumuliwa hubaki na mawimbi, kwa hiyo waliufunga mafundo mapana, wakaufua, wakauning'iniza na kuutundikia mawe ili unyooke. Kisha wakafuma kofia za watoto wachanga zenye milia na kuziuza sokoni Nakivale, moja moja. Deni la duka lilichukua mihula miwili ya shule kumalizika. Mwenye duka, Mnyankole, aliwavumilia, na kwa maoni yangu yeye ndiye aliyekuwa mshirika wa kweli katika biashara ile, ingawa jina lake lisingetokea kwenye kikaratasi chochote.

Kwa familia zetu hilo halikuwa jambo dogo. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha, na mwaka 2023 likaanza kugawa familia katika makundi matatu, kundi moja likiondolewa kabisa kwenye mgao. Mashamba nayo yamepungua ukubwa kadiri wakimbizi walivyoongezeka. Katika hali hiyo, deni la uzi hulipwa kwa unga.

Hitimisho

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea. Mwaka 2020 taasisi ya fedha ya UGAFODE ilifungua tawi ndani ya Nakivale, jambo ambalo kizazi cha 1960 hakikuliota. Kwa hiyo mfumaji wa leo ana nafasi ambayo mfumaji wa Shetland hakuwa nayo: anaweza kukopa kwa jina lake, kufungua akaunti, na kupanda taksi kwenda Mbarara kutafuta mnunuzi wa pili. Kilichobaki ni masharti ya oda.

Napendekeza mambo matatu kwa yeyote anayetaka kununua kwa haki. Oda iandikwe kwa lugha ambayo wafumaji wanaisoma, na Nakivale hiyo kwa wengi ni Kiswahili. Nusu ya malipo itangulie, ili uzi uwe wa mnunuzi hadi kazi ikamilike. Na kikaratasi cha bei kieleze historia ilivyo: kwamba kazi hii ilipitia kwa masera na vilabu vya wanawake, ikavuka mipaka ndani ya vifurushi vya wakimbizi, na inafanywa kwa uzi wa Mbarara.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuna kazi pia. Wale waliofundishwa kufuma kabla ya uhuru wamezeeka, na wengi wao wanasimulia kwa lugha hii tunayoisoma. Ushahidi wa wafumaji wa Shetland unasomeka leo kwa sababu mtu alikaa, akauliza, akaandika. Wa Nakivale bado unangoja kalamu, nasi tuko mwendo mfupi tu wa taksi kutoka kwao.